Marehemu Aliyehamishiwa Nishinari

Inspekta Kuramochi Tae hakupendezwa na jinsi yule marehemu alivyokaa.

Kwanza, hakuwa amekaa. Alikuwa ameegemezwa kwenye uzio wa ile bustani ya pembetatu kama mtu anavyoegemeza ngazi ukutani: visigino chini, miguu imenyooka, mgongo umenyooka, makalio yakigusa lami kwa shida. Mtu aliyelala kwa ulevi hulegea kama nguo mbichi. Huyu alikuwa mkavu kama ubao. Kando ya mkono wake wa kulia mtu alikuwa ameweka glasi ya sake, pombe ya mchele, imebaki nusu.

Ilikuwa Agosti. Jua la Osaka lilikuwa limeshaanza kuunguza kabla watu hawajamaliza kifungua kinywa. Wanaume wa Kamagasaki, mtaa wa vibarua wa Nishinari, walikuwa wamempita tangu alfajiri wakienda kupanga foleni ya kugawiwa chakula, na kila mmoja alidhani ni mwenzake aliyezidiwa na kinywaji. Nzi ndio waliokuwa wa kwanza kujua ukweli.

"Joto na pombe," alisema Mkuu wa Upelelezi Tokuhara. Hakuwa ametoka garini. Alikuwa ameteremsha kioo kidogo tu, ubaridi usimtoroke. "Mtu asiyejulikana, hana makazi, kifo cha kawaida. Malizeni. Kuramochi, mchana nakutaka kwenye kikao."

"Daktari hajamaliza, mkuu."

"Atakuja na kipi kipya? Hapa Nishinari wanakufa hivi kila kiangazi."

Kioo kikapanda, gari likaondoka. Kuramochi alilitazama hadi lilipokata kona, kisha akavaa glavu.

Nyuma ya uzio askari wa doria alikuwa amemtia pingu mzee mmoja mwembamba, mwenye meno machache na fulana iliyoandikwa jina la timu ya besiboli. Mkononi mwa askari kulikuwa na kofia ya kijivu.

"Tumempata mwizi, afande. Kamvua maiti kofia."

"Mwizi mama yako!" mzee alifoka. "Nimeazima. Yeye jua halimsumbui tena, mimi linanisumbua."

"Mfungue pingu," Kuramochi alisema.

"Lakini afande, yeye mwenyewe amekiri..."

"Mfungue."

Sajenti Nambu, aliyekuwa amefanya kazi na Kuramochi muda mrefu wa kutosha kujua sauti hiyo maana yake nini, alimnyang'anya askari funguo na kufungua mwenyewe. Kuramochi alimpa mzee chupa ya maji. Mzee aliinywa yote ndipo akajitambulisha: Ebisawa, na kwa wenzake pale bustanini anaitwa Profesa, kwa kuwa aliwahi kuosha sahani katika bwalo la chuo kikuu.

"Profesa, ulimwona huyu bwana akija kukaa hapa?"

"Hakuja. Aliletwa. Nilikuwa kwenye maboksi yangu pale, kumekucha kidogo tu. Gari jeupe, lile la kubebea vifaa. Wakashuka wanaume wawili, wakamtoa nyuma kama watu wanaoshusha kabati. Mmoja kichwani, mmoja miguuni. Wakamsimamisha, wakamwegemeza, wakamfunika uso kwa kofia. Halafu yule mnene akafungua sake. Nikajua atainywa. Akammwagia marehemu kifuani!" Ebisawa alitikisa kichwa. "Sake safi kabisa, dada. Hapo ndipo nilipojua wale si watu wazuri."

"Ubavuni mwa gari palikuwa na maandishi?"

"Palibandikwa maboksi na gundi ya karatasi. Mtu mwema hafuniki jina lake."

Yule askari wa doria alicheka. "Inspekta, huyu amelewa. Utamwandika shahidi?"

"Nusa mdomo wake," Kuramochi alimwambia. "Halafu nusa wa marehemu. Halafu uniambie nani hapa amelewa."

Askari hakunusa chochote. Lakini daktari wa polisi, aliyekuwa amepiga magoti kando ya maiti, alijibu kwa niaba yake. "Marehemu hakunywa. Pombe iko kwenye shati peke yake." Aliinua shati nyuma. Mgongo wote ulikuwa umevilia zambarau, na makalio, na nyuma ya mapaja. "Hii ni damu iliyoshuka baada ya moyo kusimama. Huyu alilala chali akiwa amekufa, mahali bapa na pagumu, kwa muda mrefu, akakaukia hivyo hivyo. Hakufia kwenye uzio. Alifariki jana alasiri, mwili ukiwa umechemka. Joto limemuua, huo ndio ukweli pekee aliousema mkuu wenu."

Kuramochi alihamia miguuni. Marehemu alivaa suruali pana za mafundi wa majukwaa ya ujenzi, na tabi, vile viatu vya turubai vinavyotenga kidole gumba, vyenye kulabu ndogo nyuma ya kifundo. Katika kulabu za mguu wa kushoto, moja ilikuwa imerukwa. Za kulia zilifungwa nusu tu. Na soksi zilikuwa mbichi.

"Nambu, fundi anayepanda juu kila siku atafunga tabi hivi?"

"Angeshaanguka zamani."

"Basi amevuliwa, akalowanishwa miguu, akavishwa tena na mtu mwenye haraka. Yaani kuna mtu alijua kwamba huyu anaungua kwa joto. Alijua mapema, angali hai."

Walianza na gesti za Kamagasaki, zile za vyumba vidogo vya kuenea mikeka mitatu tu, kwa sababu kila mtu kituoni aliapa kwamba mwenye suruali pana hutoka huko. Walipita mlango kwa mlango wakiwa na picha ya uso. Hakuna aliyemjua. Mlango wa mwisho ulikuwa wa mama mmoja mwenye sigara mdomoni na paka begani, aliyeitazama picha hiyo akaisukuma kama sahani ya chakula kilicholala.

"Si wangu. Wangu nawajua hata kwa kikohozi. Na niwaulize nyinyi watu wa serikali: kwa nini kila mkiokota mtu mwenye suruali pana mnatuletea sisi? Minara yote ile ya Umeda imejengwa na watu waliovaa tai?"

"Hapana, mama," Kuramochi alisema.

"Wakijenga ni mafundi wa Osaka. Wakifa ni walevi wa Nishinari. Nendeni huko."

Nambu alikuwa na la kujibu, lakini Kuramochi alimvuta mkono. Nje, kwenye kivuli cha paa la mtaa wa maduka, alitoa mfuko wa ushahidi na kukikunjua kilichokuwa ndani: taulo jembamba alilolikuta limekunjwa ndani ya ukosi wa marehemu. Lilikuwa limefuliwa mara nyingi hadi maandishi yake ya bluu yamekuwa kama mishipa ya mkono. Bafu la Nagisa, Taisho.

"Bafu za umma zinagawa taulo kama hizi mwaka mpya, kwa wateja wao wa kila siku," alisema Nambu. "Mtu wa Nishinari ataenda kuoga Taisho kufanya nini?"

"Hataenda. Twende sisi."

Kutoka Shin-Imamiya, stesheni ya karibu na bustani ile, hadi Taisho ni vituo vitatu tu kwenye reli ya duara, lakini Osaka haipimwi kwa vituo. Mtu akikuuliza unashukia wapi, jibu lako limeshamwambia baba yako alifanya kazi gani na kama atakuozesha binti yake. Kuramochi mwenyewe alizaliwa Ikuno, mtaa wa viwanda vidogo na wahamiaji wa Korea, na katika miaka yake ya upolisi alikuwa amesikia kila aina ya "aah, Ikuno" iliyopo. Alisimama mlangoni mwa treni akiwa amefunga mdomo, taulo mkononi, hadi mto na viwanda vilipotokea.

Taisho imezungukwa na maji, na watu waliotoka Okinawa kufanya kazi viwandani walikaa humo hadi mitaa ikanuka mafuta ya nguruwe na zikasikika nyuzi za sanshin, zeze la kwao. Kwenye bafu la Nagisa, mzee wa kupokea viatu aliitazama picha mara moja tu akavua miwani. Ni Chinen, alisema. Chinen Morihide. Kila jioni huja kuoga, isipokuwa jana. Dada yake ana mgahawa Hirao, mtaa wa maduka, wa nne kutoka kwenye duka la samaki.

Mgahawa ulikuwa mdogo, kaunta na viti vichache, na mlango ulikuwa wazi. Mwanamke wa makamo, mfupi na mpana wa mabega, alikuwa akikata goya, yale matango machungu yenye vinundu. Aliwaona wakisimama mlangoni. Kisu kikasimama.

"Nyinyi si wateja," alisema.

"Mimi ni Kuramochi, polisi. Wewe ni Bi Chinen Kiyo?"

"Amekufa wapi?"

Kuramochi aliinama, akamwambia. Kiyo alisikiliza hadi mwisho akiwa amekishika kisu vilevile. Kilichomtoka kwanza hakikuwa machozi.

"Nishinari? Nani amesema Nishinari? Kaka yangu hajakanyaga Nishinari tangu tuhamie mji huu!"

"Ndiyo maana tumekuja."

"Jana jioni hakurudi. Nikafunga duka, nikaenda kwenye kile kibanda chenu cha polisi. Nikamwambia yule askari, kaka yangu hajarudi kutoka kazini, si kawaida yake, na joto hili. Unajua alinijibu nini? Ati, mama, fundi mtu mzima akichelewa, jaribu kumtafuta Nishinari, atakuwa analewa huko na wenzake." Kiyo alikipiga kisu juu ya ubao, kikasimama. "Kulewa! Morihide akilamba sake anavimba upele mwili mzima, tangu utotoni. Nikamwambia hivyo. Akacheka. Hakuinuka hata kwenye kiti."

Nambu alitazama viatu vyake. Kuramochi hakutazama pengine popote. "Nitalijua jina la askari huyo kabla jua halijazama," alisema. "Sasa nisaidie. Jana asubuhi alikwenda kufanya kazi wapi?"

"Kitahama, kando ya mto. Jengo refu wanalojenga, la nyumba za matajiri. Ni la kampuni kubwa, lakini bosi wake yeye ni Wakisaka, mkandarasi mdogo wa majukwaa. Morihide alisema wiki hii kule juu hakuna upepo, hakuna kivuli, na mapumziko yamefupishwa kwa sababu wamechelewa. Nikamwambia usiende. Akasema wasipofika wote, wanaokuja ndio wanaoumia."

"Alibeba nini?"

"Chakula chake. Wali, nyama ya nguruwe, goya na mayai. Huwa nakifunga kwenye kitambaa cha bluu bahari chenye samaki weupe, nikiwa nimekipiga mafundo mawili, kwa sababu yeye hufungua kwa meno akiwa na njaa." Hapo sauti yake ikakatika, na akageukia jiko.

Walipokuwa wanatembea kurudi stesheni simu ya Kuramochi ililia. Tokuhara.

"Kikao kimeanza. Uko wapi?"

"Taisho. Marehemu anaitwa Chinen Morihide, fundi wa majukwaa, ana makazi, ana dada. Amehamishwa baada ya kufa, mkuu. Nina shahidi na nina daktari."

"Kumbe ana familia? Ungesema mapema. Basi jambo limebadilika."

"Limebadilika nini?"

"Unajua ninachomaanisha. Familia zinauliza, magazeti yanauliza. Fuatilia vizuri."

"Na angekuwa hana familia, mkuu? Angekuwa kweli ni mtu wa pale bustanini?"

"Kuramochi, usinihubirie."

Alikata. Kuramochi alisimama kando ya mashine ya vinywaji, akabonyeza kitufe cha chai baridi kwa nguvu kiasi kwamba bibi aliyekuwa nyuma yake alirudi hatua. "Samahani, mama," alimwambia. "Ugomvi wangu si na mashine."

Kitahama ni mtaa wa benki na nguzo za mawe. Kando ya mto watu hunywa kahawa kwenye baraza za mbao, wakitazama boti za matembezi. Saiti ilikuwa imezungushiwa uzio mweupe uliopakwa picha za maua, na getini palikuwa na ubao mkubwa unaoonyesha siku ngapi kazi imekwenda bila ajali. Tarakimu ya leo ilikuwa imeshapandishwa. Gundi yake ilikuwa bado mbichi.

Wakisaka alitoka kuwapokea mwenyewe. Alikuwa mnene, sare imepigwa pasi, helmeti haina mkwaruzo. Kila sentensi aliianza kwa kuinama.

"Chinen? Jana hakuja, afande."

"Aliaga nyumbani asubuhi na mapema."

"Hawa wazee, afande, mimi nawapenda kama baba zangu, lakini unajua mwenyewe. Anaaga anakwenda kazini, anashukia njiani, anakutana na kinywaji. Mimi huwa nawavumilia."

"Chinen alikuwa mnywaji?"

"Nani asiyekunywa?"

"Una gari la vifaa? Jeupe?"

"Lipo gereji, breki mbovu."

"Ubavuni lina jina la kampuni?"

"Bila shaka. Kwa nini?"

"Nitalitazama. Gundi ya karatasi haitoki vizuri kwenye rangi nyeupe wakati wa kiangazi," Kuramochi alisema. "Naomba nione banda la mafundi."

"Ni la wanaume tu, chafu, afande, nisingependa..."

Lakini Kuramochi alikuwa ameshapita.

Ndani ya banda feni moja ilikuwa inazungusha joto. Mafundi walikuwa kwenye mapumziko ya alasiri, wamekaa sakafuni, taulo vichwani, nyuso nyekundu. Walimwona mwanamke mwenye kitambulisho cha polisi, wakanyamaza wote kwa pamoja, na ukimya huo ulimwambia Kuramochi zaidi ya alivyoambiwa getini. Ukutani kulikuwa na misumari ya kutundikia mifuko. Mingi ilikuwa na mifuko mitupu, chakula kimeshaliwa na vyombo kuoshwa. Kwenye msumari wa karibu na dirisha kilining'inia kifurushi cha kitambaa cha bluu bahari, samaki weupe, mafundo mawili.

Kuramochi alikishusha. Kilikuwa kizito.

"Cha nani hiki?"

Hakuna aliyeinua macho.

"Bwana Wakisaka, ni cha nani?"

"Mtu kasahau, afande. Wanasahau vitu kila siku."

Aliweka kifurushi juu ya meza, akafungua fundo la kwanza na la pili, akainua kifuniko. Harufu ilitoka ikajaza banda. Mtu wa karibu alifunika pua. Wali ulikuwa mzima, umebanwa na mkono wa mtu aliyejua kubana. Nyama ilikuwa mahali pake. Goya na mayai vilikuwa vimegeuka rangi, lakini hakuna kijiti cha kulia kilichogusa hata punje.

"Kwa hiyo jana alikuja," Kuramochi alisema. "Akatundika chakula chake hapa, akapanda juu. Na mchana hakula. Fundi anayebeba mabomba ya chuma tangu asubuhi hali mchana? Hakuweza kula, Bwana Wakisaka, kwa sababu kabla ya mchana alikuwa ameshaanguka. Daktari wangu anasema amefariki alasiri. Nataka unieleze huo muda wa katikati. Alikuwa wapi?"

"Afande, chakula hicho kinaweza kuwa cha juzi..."

"Alikuwa chini," sauti ilisema.

Ilikuwa ya fundi mmoja mwenye mvi, aliyekaa karibu na mlango. Alikuwa amevua taulo kichwani na kulikamua mikononi, ingawa lilikuwa kavu.

"Funga mdomo wewe!" Wakisaka alimgeukia.

"Nimefunga tangu jana. Umenichosha." Akamtazama Kuramochi. "Tulimteremsha kwa lifti ya vifaa akiwa anatapika. Tukamlaza chini ya jengo, pale watakapoegesha magari, juu ya ubao. Tukamvua tabi, tukammwagia maji. Tukasema iitwe ambulensi. Bosi akasema ataita yeye, turudi juu. Kila nilipopata nafasi niliteremka. Mara ya mwisho alikuwa haongei tena, anatetemeka tu. Bosi akasema anapata nafuu."

"Uliipigia simu ambulensi?" Kuramochi alimuuliza Wakisaka.

Wakisaka aliangalia mlango. Nambu alikuwa amesimama hapo.

"Hospitali iko ng'ambo ya daraja," Kuramochi aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Nimepita mbele yake nikija. Hata hapa nilipo nasikia king'ora. Nakuuliza kama ulipiga simu!"

"Ungejua hali yetu, afande! Ambulensi ikiingia kwenye geti lile, kazi inasimama jengo zima. Wakaguzi wanakuja. Kampuni kubwa inatuita, inatuambia asanteni, na kesho kutwa yupo mkandarasi mwingine. Nina watu wananitegemea. Nilidhani atapumzika, atainuka. Wengi huinuka!"

"Aliposhindwa kuinuka?"

"Nilichanganyikiwa."

"Hukuchanganyikiwa. Ulisubiri watu watawanyike. Ulifunika jina la gari. Ulinunua sake ya kummwagia mtu asiyekunywa. Kuna mitaa mingapi kati ya Kitahama na ile bustani? Umepita mahekalu, umepita mabustani, umepita hata mlango wa hospitali. Kwa nini ukaenda kumwacha Nishinari?"

Wakisaka alitazama mafundi wake kana kwamba mmoja angemsaidia. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua:

"Kule hakuna anayeuliza, afande."

Kuramochi alifunika kile chakula, akakifunga tena kitambaa chake, na ilimchukua muda kukaza fundo.

"Alisema nini wakati bado anaongea?"

"Aliomba simu. Alitaka tumpigie dada yake."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia baadaye."

Halafu Wakisaka alipiga magoti, akaweka viganja sakafuni na paji la uso juu ya viganja. Helmeti isiyo na mkwaruzo ilimtoka na kubingirika chini ya meza. Alikuwa akisema samahani, samahani kubwa, hana uso.

"Inuka," Kuramochi alisema. "Mimi hukunikosea kitu. Unakamatwa kwa kumwacha mtu aliye chini ya uangalizi wako bila msaada mpaka akafa, na kwa kutelekeza maiti. Yule aliyekusaidia kumbeba utanitajia njiani. Nambu, mfunge. Na kabla hatujatoka, shusheni ile tarakimu getini."

"Ile si kazi ya polisi, afande," Nambu alinong'ona.

Yule fundi mwenye mvi alikuwa ameshasimama. "Ni kazi yangu," alisema, akatoka na wenzake wawili wakamfuata.

Tokuhara alikuwa anawasubiri kwenye chumba cha maiti, akiwa amevaa tai nyeusi. Alikuwa amemtumia Chinen Kiyo gari la kituo, na sasa alisimama kando yake, mikono imepishana mbele, kichwa kimeinama kwa kiasi kinachofaa. Kiyo alikuwa bado na aproni ya mgahawa. Alikuwa amemtazama kaka yake, akamgusa nywele, akazilaza upande aliokuwa akizilaza mwenyewe.

"Kituo chetu kimefanya kila jitihada tangu dakika ya kwanza," Tokuhara alikuwa anasema Kuramochi alipoingia. "Na angalau jambo moja likufariji, mama. Ilikuwa ghafla. Hakuteseka."

Kiyo aligeuka. "Wewe ndiye uliyekuja dukani," alimwambia Kuramochi. "Ni kweli hayo?"

Tokuhara alikohoa kidogo na kumkazia macho Kuramochi, na kila mtu aliyekuwemo alijua kikohozi hicho kilimaanisha nini.

"Si kweli," Kuramochi alisema. "Alianguka asubuhi, kabla ya chakula. Wakamteremsha chini ya jengo, wakamlaza juu ya ubao. Aliishi mpaka alasiri. Hawakumwitia daktari. Alipokuwa bado anaweza kusema, aliomba upigiwe simu wewe."

"Inspekta!" Tokuhara alisema.

Mikono ya Kiyo ilikuwa inatafuta kitu mfukoni mwa aproni, ikatoka mitupu.

"Simu iko pale kaunta," alisema hatimaye, "karibu na mkono wangu ninapokata mboga. Jana haikulia kutwa nzima. Mpaka niliinyanyua, nikaisikiliza, nikidhani imeharibika."

Kisha akamgeukia Tokuhara, na huyo mwanamke mfupi mwenye harufu ya mafuta ya kukaangia akasogea hadi akawa chini kabisa ya kidevu chake.

"Na wewe uliyesema hakuteseka. Ulikuwepo? Nani alikwambia?"

Tokuhara alimtazama daktari wa polisi aliyesimama kando ya maiti, akamtazama Nambu, akamtazama Kuramochi, na wote watatu walikuwa wanamtazama yeye.

"Nijibu," alisema Kiyo.